Shamba Tuliloliacha Ili Lionekane

Jumapili, 7 Februari 1982

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema anayetaka kuandika vizuri aandike mara kwa mara, hata siku isiyo na jambo. Nimeanza leo kwa sababu juzi kulikuwa na jambo, nami siwezi kulisimulia kwa mdomo. Mbele ya watu maneno yangu hukwama. Nyumbani tunaongea Kiiraqw, lakini humu nitaandika Kiswahili.

Ijumaa nilikwenda Arusha na Baba kwa wakili. Baba anajua Kiswahili cha sokoni, ila cha ofisini hakiamini. Alimwambia Mama, "Marsela atakwenda na mimi. Yuko kidato cha tatu, atasikia yatakayonipita."

Shauri ni la mkono wake. Mwishoni mwa mwaka jana alikuwa akitembea kando ya barabara, pale mteremko unapoingia Karatu, lori la Mzee Marijani mwenye duka likateleza kwenye tope na kumbana ukingoni. Hospitali walimkata mkono wa kulia juu ya kiwiko. Dereva alikiri kosa. Lori lina bima, na bima ndiyo itakayolipa.

Wakili ni mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alisema, "Kosa halibishaniwi tena, Mzee Hhando. Sasa tunabishania kiasi."

Nilidhani kuna mahali pameandikwa bei ya mkono. Hakuna. Kwanza aliuliza tulichotumia: dawa, nauli, hospitali. Kila kitu kiwe na risiti. Baba alisema aliuza ng'ombe mmoja mnadani.

"Risiti yake?"

"Ng'ombe hana risiti."

Wakili hakuandika. Kisha akauliza juu ya maumivu, kama Baba analala usiku.

"Kidole kinaniwasha."

"Kipi?"

"Cha mkono usiokuwepo."

Hilo aliliandika, mistari mitatu. Halafu akaja kwenye kazi. Baba ana miaka arobaini na moja kwa cheti cha ubatizo, na mkulima hufanya kazi mpaka sitini hivi. Hasara ya mwaka mmoja huzidishwa kwa miaka. Nikahesabu kichwani, kumi na tisa. Wakili akasema mahakama ikitoa sana itatoa kumi na mbili. Nikajikuta nimeuliza kwa nini, tena kwa sauti.

Hakukasirika. Aliniambia, "Binti, nikikupa ng'ombe mmoja kila mwaka kwa miaka kumi na tisa, na nikikupa kumi na tisa leo, ni sawa?"

Nikasema si sawa, wa leo watazaa.

"Ndiyo. Tena katika miaka hiyo baba yako angeweza kuugua, au mvua ikakosekana. Hayo yote yanapunguzwa."

Mwisho akamuuliza Baba alikuwa anapenda kufanya nini, mbali na kazi, maana raha ya maisha nayo ina fungu lake. Baba alifikiri sana. Akasema, "Kulima."

"Hiyo tumeshaihesabu," wakili akasema.

Wakati wa kutoka alitusimamisha mlangoni. "Kabla ya mavuno mtu wa bima atakuja shambani. Hasara isiyothibitishwa hailipwi. Mwonyesheni."

Tulirudi kwa basi. Tulipopita Mto wa Mbu Baba akasema, kama anayejibu mtu, "Ataiona."

Alhamisi, 11 Februari

Hakuna jambo. Jua kali. Jaribio la jiografia, nimepata themanini na mbili.

Jumamosi, 20 Februari

Huku Ganako wote wanaandaa mashamba. Mama alimuuliza Baba siku gani atamwambia Mzee Josephati alete watu watulimie. Mzee Josephati ni jirani yetu wa upande wa msituni, amekua na Baba, walipelekwa jandoni pamoja. Plau ya Baba yeye huijua kama yake.

Baba akasema mwaka huu hatulimi.

Mama alicheka kidogo, akadhani utani.

Baba akamkumbusha habari ya tembo. Mwaka juzi tembo walitoka msituni wakalala kabisa ndani ya mahindi ya Mzee Josephati. Mtu akiharibiwa na tembo hapa kwetu hagusi kitu. Anaacha shamba kama lilivyo, nyayo na vinyesi, mpaka Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, aje aone. Mzee Josephati hakuvumilia. Bwana Nyama alipochelewa, alikata mabua akawapa ng'ombe wake, akalima upya akapanda maharage. Bwana Nyama alipofika alikuta maharage yanachanua. Akasema, "Mimi naandika ninachokiona, na ninaona maharage." Akaondoka.

"Sasa huyu wa bima akikuta shamba zima la mahindi," Baba akasema, "atamwandika nani kwamba amekatwa mkono?"

Mama akasema mkono wenyewe si unaonekana haupo.

"Mkono wataulipa. Kazi ya mkono ndiyo nataka waione."

Nilimwona Baba ana akili kuliko wakili. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofikiri.

Jumatano, 3 Machi

Mvua, tangu mchana. Njia ya shule imekuwa tope.

Jumamosi, 6 Machi

Leo sikusoma kitu. Nitaandika yote.

Asubuhi Mzee Josephati alikuja na ng'ombe wake wanne, plau, na majirani wanaume na wanawake, kama watu ishirini. Mtu mwenye afya ndiye hupika pombe akiwaita majirani kulima, lakini mgonjwa haambiwi apike. Walibeba pombe yao wenyewe, mitungi miwili. Walikuwa wanaimba. Ng'ombe wetu wawili walilia walipoona wenzao, wakadhani wanakwenda kufungwa nira.

Baba alitoka akasimama ukingoni mwa shamba. Alikuwa amevaa koti, mkono mtupu ameuingiza mfukoni.

"Shikeni njia mrudi," akasema. "Nawashukuru. Mwaka huu shamba langu halilimwi."

Mzee Josephati akacheka. "Hhando, ulikatwa mkono au kichwa?"

Watu wakacheka, Baba pia akatabasamu. Nikadhani imekwisha. Lakini hakusogea.

"Nasema kweli. Kuna mtu anakuja kuliangalia. Alikute hivi."

"Aje. Atakuta limelimwa, atakunywa na pombe."

"Josephati, wewe tembo walikufundisha. Umesahau?"

Pale Mzee Josephati akaacha kucheka. Alisema tembo hana ujirani na mtu, na yeye si Bwana Nyama, hakuja kuangalia. Amekuja kwa sababu mwaka ule alipougua kifua Baba ndiye aliyemlimia, na deni hilo linamwasha. "Utaniacha nalo?"

Baba akasema litangoja.

Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya chini, ila wote tulisikia, kwamba mtu anayekataa mikono ya wenzake ameionea kinyaa. Hilo ni neno zito kwetu. Mama alikuwa mlangoni, akaingia ndani.

Mzee Josephati aligeuza ng'ombe. Alipita karibu nami akaniambia, "Marsela, wewe unasoma. Huko shuleni wanawafundisha haya?"

Nilitaka kujibu lakini sikujua kama ni ndiyo au hapana.

Mvua ilinyesha tena saa nane. Mitungi walirudi nayo imejaa.

Jumatatu, 8 Machi

Kuluthumu binti wa Mzee Marijani hukaa dawati moja nami. Tangu ajali tumekuwa tukiazimana kalamu bila kuzungumza. Leo kijana mmoja wa nyuma alisema, "Marsela, nasikia kwenu mmepanda bima. Imeshaota?" Darasa likacheka. Kuluthumu akageuka akamwambia, "Imeota, na wewe utaitwa kupalilia, maana hesabu huziwezi." Wakamcheka yule kijana.

Sikumshukuru. Nilitaka.

Jumatatu, 15 Machi

Mvua. Wazee wanasema ni miaka mingi haijanyesha hivi.

Jumatatu, 29 Machi

Mvua. Mahindi ya Mzee Josephati yamefika magotini. Ya kwetu ni majani na maua ya njano. Mama ameparua kipande nyuma ya nyumba, kidogo kama chumba, akapanda maboga na maharage. Baba alipita akaona. Mama aliendelea kulima akiwa amempa mgongo.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Baada ya misa watu walisalimiana nje ya kanisa kwa kushikana mikono. Walipofika kwa Baba walimsalimia kwa mdomo. Labda ni kwa sababu ya mkono. Labda siyo.

Mchana alikuja Mama Kuluthumu, yaani Bibi Hamisa, mke wa Mzee Marijani, amebebewa debe la unga na mfuko wa sukari. Sukari siku hizi hata dukani kwao haionekani. Mama alisimama kumpokea. Baba akasema, "Samahani, mama. Nikipokea, wataandika kwamba nimekwisha kulipwa."

Bibi Hamisa akasema, "Mzee Hhando, sukari hii si ya bima. Ni ya pole."

"Najua. Lakini wao hawatajua."

Yule mama alikaa kidogo kwenye kigoda, akauliza hali ya wadogo zangu, akaaga. Alisema mumewe tangu siku ile haketi tena dukani, anakaa stoo. Nilikuwa namwona Mzee Marijani kama mtu aliyetuumiza kisha akaendelea kuuza chumvi. Sikujua habari ya stoo.

Tulikunywa uji bila sukari.

Jumamosi, 24 Aprili

Mvua. Nyasi shambani zimenifika kiunoni. Tumenunua mahindi debe moja. Mama amesema, bila kumtazama mtu, "Nyasi hatuli."

Jumatano, 5 Mei

Katika maktaba ya parokia kuna kabati la vitabu vilivyoachwa na mapadri wa zamani. Nimepata humo kitabu cha sheria, cha Kiingereza, hakina jalada. Padri ameniruhusu nikisomee hapohapo. Nimesoma sura ya fidia kwa shida, na kamusi.

Mambo mengi ni kama alivyosema wakili. Lakini kuna sehemu moja nimeirudia mara nyingi nikitumaini nimekosea kuelewa. Inasema aliyeumizwa ana wajibu wa kuizuia hasara isikue, kwa kadiri mtu mwenye busara angeweza. Akiiacha ikue, ile iliyozidi ni yake mwenyewe. Aliyemuumiza hailipi.

Nimetoka sijafunga kabati. Ilibidi nirudi.

Ijumaa, 7 Mei

Nimemwambia Baba. Nilimngojea zizini, nikasema nikiwa nawatazama ng'ombe, ndivyo nilivyoweza.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kitabu hicho kimeandikwa wapi?"

"Uingereza."

"Huko kuna tembo?"

Nikasema hakuna.

"Basi."

Nikamwambia labda bado tunaweza kupanda maharage, Mzee Josephati akiombwa. Akasema muda umepita. Halafu akasema, "Nikimwomba sasa, nitakuwa nimemfukuza bure." Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba alikosea. Lakini kujua na kusema ni vitu viwili, na kwa jambo hilo mimi nimefanana naye.

Alhamisi, 20 Mei

Mvua imepungua. Ukungu asubuhi. Mahindi ya Mzee Josephati yana vichwa.

Jumatano, 9 Juni

Mtu wa bima amekuja. Shule imefungwa, kwa hiyo nilikuwepo.

Anaitwa Ndugu Lomayani, kijana bado, amevaa buti na tai pamoja. Nilidhani atakuwa mkali. Alimwamkia Baba shikamoo, akaomba aone mkono, akauangalia bila haraka na bila kuugeuzia uso. Kisha akasema twende shambani.

Baba alitangulia. Aliona fahari, hilo nililiona mgongoni mwake. Alisimama pale pale aliposimama siku ile ya Machi akanyoosha mkono wa kushoto. "Hii ndiyo kazi ya mkono wangu. Mwaka jana wakati huu yalikuwa mahindi mwanzo mpaka mwisho."

Ndugu Lomayani aliingia ndani ya nyasi, akazunguka, akarudi mbegu za vishona nguo zimemnasa kwenye suruali.

"Ndugu Hhando, ng'ombe wa kulimia unao?"

"Wawili. Wale."

"Wanene."

"Hawajafanya kazi."

"Na plau?"

"Ipo."

"Basi ulichokosa ni mtu wa kushika plau." Akaandika. "Hasara yako si shamba hili lote. Hasara yako ni gharama ya kumpata huyo mtu, kila msimu. Hiyo tutaipigia hesabu, na si ndogo. Lakini kwa nini msimu huu hakupatikana mtu? Uliulizia?"

Baba aliwatazama ng'ombe. Mimi nilitazama chini.

Mzee Josephati alikuwa upande wa pili wa mpaka akikata majani ya ng'ombe. Amekuwa hatusemeshi tangu Machi. Ndugu Lomayani akamwita, akamuuliza kama jirani asiyehusika: je, hapakuwa na mtu wa kumlimia huyu bwana?

Mzee Josephati alimtazama Baba. Halafu akaegemea mundu wake akasema, "Hapakuwa na mtu. Mwaka huu mvua iliwahi, kila mmoja alikuwa na lake. Hatukuja."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa."

Nilimtazama yule mzee. Kwetu mtu anaweza kusema ameiba mbuzi na kesho akasalimiwa. Kusema kwamba jirani yako amekatwa mkono na wewe hukwenda kumlimia, tena ukasema hivyo kwa niaba ya mtaa mzima mbele ya mgeni anayeandika, hilo halisemwi. Ndugu Lomayani alikuwa tayari anaandika. Ningenyamaza. Nakiri nilikuwa naomba sote tunyamaze.

Baba akasema, "Futa hiyo."

Ndugu Lomayani akainua kichwa.

"Anasema uongo. Walikuja watu ishirini, na ng'ombe wanne, na pombe yao wenyewe. Niliwarudisha mimi."

"Hhando," Mzee Josephati akasema, "nyamaza."

"Ninyamaze uandikwe hivyo? Karatasi hiyo inakwenda Arusha."

"Mimi Arusha nina nani?"

"Futa," Baba akarudia. "Andika walikuja."

Ndugu Lomayani alifuta. Alikaa kwenye jiwe, akavua tai akaitia mfukoni, akauliza kwa nini basi aliwarudisha. Baba akamweleza habari ya tembo na maharage yanayochanua. Yule kijana hakucheka. Kwao ni Olbalbal, alisema, na huko ng'ombe akiuawa na simba ngozi huhifadhiwa mpaka mkubwa aje. Akaeleza polepole, tena alinigeukia mimi ili nielewe kabisa. Kama majirani wangelima, bima isingekata hata senti moja. Msaada wa jirani ni mali ya aliyesaidiwa, bima haina haki ya kujifunika nao. Baba angevuna mahindi yake, na gharama ya mtu wa kushika plau angelipwa vilevile. Lakini msimu aliokataa mwenyewe, huo hauwezi kuwekwa juu ya Mzee Marijani.

"Na unga?" Baba akauliza. "Mke wake alileta unga na sukari."

"Ungekula tu, mzee wangu."

Mzee Josephati alikuwa bado amesimama na mundu. Alipoona tumemaliza aliokota majani yake akaenda. Hakuaga. Baba pia hakuaga.

Alhamisi, 10 Juni

Baba amelala mchana, kitu asichofanya. Mama amempikia maharage ya nyuma ya nyumba.

Jumatano, 14 Julai

Barua ya wakili imefika, nimeisoma mbele ya Baba na Mama. Bima imekubali kulipa bila kwenda mahakamani. Kuna fungu la maumivu, pamoja na kile kidole. Kuna fungu la mtu wa kushika plau, kwa miaka kumi na mmoja. Ng'ombe wa mnadani hayumo. Mbele ya "Msimu wa 1982" kumeandikwa: hakuna. Wakili anashauri Baba akubali, anasema ni kiasi cha haki. Fedha zitafika labda mwisho wa mwaka.

Mama aliuliza, "Na sasa mpaka mwisho wa mwaka tutakula nini?"

Baba akasema jumla yote niisome tena. Nikaisoma. Akasema, "Ni haki," akatia dole gumba la kushoto.

Jumamosi, 17 Julai

Mzee Josephati amevuna leo. Hatukualikwa. Baada ya uji Baba alivaa koti akaenda. Mama alinituma nimfuate kwa mbali, eti nikachume mboga.

Wanaume walikuwa wanakata na kubeba, wanawake wamekaa wanamenya mahindi. Baba alikwenda akakaa kwa wanawake. Alibana hindi kati ya magoti, akavuta maganda kwa mkono mmoja. Alikuwa anachukua muda mrefu. Hakuna aliyemsemesha wala kumfukuza. Yule mama aliyesema habari ya kinyaa alisogea akampa nafasi mkekani.

Jioni waliomenya hupewa chochote cha kubeba. Mzee Josephati alipita na kikapu. Kwa Baba alisimama, akatazama rundo lake, lilikuwa dogo.

"Haya ndiyo uliyomenya tangu asubuhi?"

"Ndiyo."

"Mjukuu wangu amekushinda, na alikuwa anacheza."

"Kesho nitamshinda."

Mzee Josephati akamwagia mahindi kikapu kizima, akaenda kwa mwingine.

Jumapili, 25 Julai

Wazee wa mtaa wamekaa baada ya misa. Mimi nilikuwa na Mama na wanawake wengine, tulisikia.

Baba alitozwa mtungi wa pombe kwa kuwarudisha majirani njiani na pombe yao. Alikubali. Nilidhani imekwisha, lakini mzee mmoja akasema bado kuna Josephati. Yeye alimwambia mtu wa bima kwamba mtaa huu haukwenda kumlimia mgonjwa. Ametusemea uongo sisi sote. Naye mtungi mmoja.

Mzee Josephati akapinga. "Nilisema kwa ajili yake."

"Hilo tumelihesabu," mzee akajibu, "ndiyo maana si miwili."

Mtu wa bima alikuwa ametumia miezi na karatasi. Hawa walimaliza kabla jua halijahama kivuli cha kanisa, na hakuna aliyeomba risiti.

Baba alisimama akasema mtungi ataleta, ila nafaka ya kupikia hana, kila mtu anajua kwa nini. Mzee Josephati akasema, "Nitamkopesha mimi." Halafu akamgeukia Baba: "Lakini ikiwa kali kama ile ya harusi ya dada yako, nitaongeza faini mimi mwenyewe."

Watu walicheka mpaka padri akatoka kuangalia.

Jumanne, 3 Agosti

Mama anapika pombe. Nyumba nzima inanuka. Nimesomea nje.

Nimemwambia Kuluthumu asante, kwa ajili ya Machi. Hakukumbuka ni kwa lipi, nikalazimika kueleza. Akasema mama yake bado ana ile sukari, na jioni nipite.

Jumamosi, 7 Agosti

Mitungi miwili, wa Baba na wa Mzee Josephati, imenywewa leo. Wamepanga kutulimia Jumatatu, kabla magugu hayajamwaga mbegu na udongo haujakauka zaidi.

Jumatatu, 9 Agosti

Walikuja alfajiri. Mzee Josephati alifunga ng'ombe wetu wawili mbele ya wa kwake wawili, akashika plau mwenyewe. Nyasi zilikuwa ndefu hata plau ikaziba, wakasimama kung'oa, wakaendelea.

Kazi ya kutangulia na kuvuta kamba ya ng'ombe wa mbele hufanywa na watoto. Nilikuwa nimevaa sare tayari, lakini mdogo wangu hawezi ng'ombe wanne, kwa hiyo nilivua viatu nikaishika kamba. Tulikwenda mistari miwili hivyo. Mwisho wa mstari wa pili Baba alikuwa amesimama ananingoja.

Aliichukua kamba mkononi mwangu akaizungusha kwenye kiganja cha kushoto.

"Josephati, unaniona?"

"Nakuona. Nenda moja kwa moja, usitupeleke kwa Bwana Nyama."

"Wewe vaa viatu," Baba akaniambia. "Kazi hii ni yangu."

Nilichelewa kipindi cha kwanza. Mwalimu aliuliza kwa nini, nikasimama nikamwambia mbele ya darasa zima: kwetu wanalima.